Bawa la Maziwa

Kaka yangu alifuta mstari mmoja tu, na huo ndio ulionitia wazimu.

Kanisa letu la Chekalini lilikuwa limeomba kila familia iandike maisha ya wazee wake wangali hai, yasomwe mbele yao, badala ya kungoja mazishi ndipo watu wajue kusifu. Kaka ni mtumishi wa serikali mjini Kakamega na hawezi kuona karatasi bila kuishikia kalamu, kwa hiyo kazi hiyo aliichukua yeye. Aliandika vizuri, sikatai. Aliandika shule ya baba, shamba, watoto, mahindi, ng'ombe. Lakini pale baba aliposema, "Nilijenga bawa la ndege ya vita," kaka alipiga mstari.

"Hiyo tuache," alisema. "Watu watacheka, na atakayechekwa si yeye peke yake."

Baba alikuwa ameketi pale pale, anasikia kila neno. Aliomba karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Basi hakuna kusoma," alisema. "Mtu hasomewi nusu."

Hadithi yenyewe tulikua nayo. Kabla shamba letu halijawa letu, lilikuwa la mzungu mmoja aliyewahi kuwa mchoraji katika kiwanda cha ndege wakati wa vile vita vikubwa vya dunia. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo wenzake walikuwa wakijaribu kuunda ndege ndogo ya kivita kwa mbao. Wakubwa wakasema bawa lake haliwezi kuhimili, vita vikaisha, ndege ikatupwa kando kabla haijaruka. Mzungu akaja huku kwetu Lugari na michoro yake, na hasira zake pia. Baba, wakati huo kijana aliyekuwa seremala wa shamba, aliitwa ghalani amsaidie kulijenga bawa lile upya. Lilipokwisha walilijaribu, likasimama bila kukatika. Kisha uhuru ukaja, mzungu akachoma michoro akaondoka, na bawa likapasuliwa kuwa banda la kuku. Ushahidi wote uliliwa na mchwa.

Shida ni kwamba baba hakujua kuipamba hadithi yake. Alisema gundi yao ilikuwa ya maziwa yaliyoganda. Alisema walilijaribu bawa kwa kulilaza chali na kulipakia magunia ya mahindi. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Ndege ya maziwa! Kwenye sherehe, mtu akikosa la kusema alimuuliza baba kama ndege yake imeshakamuliwa. Mimi pia nilicheka, na sitajifanya mtakatifu hapa. Nilicheka nikiwa mtoto, na nilipokua nilikuwa natabasamu tu na kubadilisha mazungumzo, jambo ambalo naona ni baya zaidi.

Mimi hufundisha useremala katika chuo kimoja cha ufundi mjini. Wiki moja baada ya kaka kufuta ule mstari, nilikuwa natafuta kwenye simu picha za viungo vya mbao vya kuwaonyesha wanafunzi, nikakuta picha ya zamani ya bawa la ndege. Lilikuwa limelala chali. Juu yake mifuko ya mchanga imepangwa, na wanaume wenye tai wamelizunguka. Maelezo yalisema kwamba hewa husukuma bawa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo ukitaka kulipima likiwa ardhini, unaligeuza, halafu unalilemea. Chini zaidi walitaja gundi ya maziwa na chokaa. Nilisimama na ile simu mkononi mpaka wanafunzi wakaniuliza kama nimefiwa.

Nilimpigia kaka.

"Picha ya mtandaoni haionyeshi kwamba baba alifanya," alijibu. Alisema kweli, na hilo lilinikera kuliko kama angekosea.

"Basi tutalijenga," nikamwambia.

"Nani?"

"Mimi na yeye."

Akacheka. Hakupaswa kucheka.

Kila Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani na mbao za saipresi na plaiwudi nyembamba. Baba haoni vizuri tena, lakini vidole vyake vinaona. Michoro yote alikuwa nayo kichwani. Alipapasa kila ubavu wa bawa niliouchonga na kunirudishia nyingi.

"Hii umefanya nene sana, mama," alisema. Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Ndege si kitanda."

Tulilijenga dogo, nusu ya lile la zamani. Gundi alinitajia pole pole, nami nikaandika kwenye daftari. Chukua maziwa yaliyotolewa siagi, yaache yagande, chuja, kausha, saga, changanya na maji na chokaa mpaka yawe kama uji mzito. Mwisho akasema, "Na mala mbili." Nikaandika: mala, vikombe viwili. Nilimimina vikombe viwili vya maziwa mala, yale ya mgando ya kunywa, kwenye ule uji, nikakoroga, nikapaka, nikabana. Harufu yake sitaieleza.

Siku ya kulijaribu nilimwita kaka makusudi. Tulifunga shina la bawa kwa boliti kwenye nguzo za ghala, limelala chali, ncha ikiwa hewani. Gunia la kwanza likakaa. La pili likakaa. La tatu halikufika hata mahali pake. Plaiwudi ilibanduka kutoka kwenye mbavu kwa sauti ya nguo inayochanwa, na pale ilipobanduka palikuwa safi kama sahani.

"Si nilisema," kaka alisema, tena kwa upole. Upole wake ulinichoma.

Baba alikuja akapapasa ile sehemu safi. "Hapa ulipaka mala ngapi?"

"Niliweka mbili, kama ulivyosema. Vikombe viwili."

"Vikombe vya nini?"

"Vya mala."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo. "Mala ya kuhesabu, mama! Si mala ya kunywa! Mala ya kwanza mbao inakunywa gundi, unangoja. Mala ya pili ndio inashika!"

Mara mbili. Alikuwa amesema upake mara mbili. Nimezaliwa katika nyumba ambayo *r* na *l* hukopeshana viti kila siku, na bado, kwa kuwa mazungumzo yote yalikuwa ya maziwa, masikio yangu yalisikia maziwa. Mwalimu mzima! Nililia kwa hasira nyuma ya ghala, halafu nikanawa uso nikarudi kufungua boliti.

Kaka alisema tumejaribu na inatosha. Nikamwambia arudi baada ya wiki nne, na asiporudi nitamletea bawa ofisini kwake.

Alirudi. Safari hii nilipaka mara mbili kila mahali. Gunia la tatu likapanda, la nne, la tano. Bawa lilipinda kidogo, likatulia. Gunia la sita kaka alilibeba mwenyewe, akaliweka kama mtu anayelaza mtoto, akasubiri. Hakuna kilichotokea.

"Sawa, mzee," alisema. "Nimeona. Nitaandika."

"Ongeza," baba alisema.

"Baba, imeshasimama."

"Hata siku ile ilisimama, na mzungu akaogopa, akasema tuache. Alikuwanga anaipenda sana. Mimi nilitaka kujua mwisho wake. Ongeza."

Tuliongeza. Gunia la tisa lilipotua, mlio ulitoka ambao kuku wote wa boma waliukimbia, na bawa likakatika karibu na shina. Mahindi yakamwagika. Baba alikuwa tayari amepiga magoti, vidole vimeingia kwenye ule mvunjiko, anafuata mstari wa gundi kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

"Mbao ndiyo imekatika!" alipiga kelele. "Gundi iko! Njoo ushike, gundi iko yote!"

Kaka alipiga magoti akashika. Alishika kwa muda mrefu. Kisha akatoa kalamu, na baba akatoa ile karatasi mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo.

"Andika nilijenga bawa la ndege ya vita," alisema. "Na uandike watoto wangu hawakuniamini mpaka niwavunjie moja mbele ya macho yao."

Kaka alinitazama, kama anayesubiri nijitetee. Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba kila ubavu niliuranda mimi, kwamba ni mimi niliyepigania mstari ule. Lakini nilikuwa nimeamini picha ya watu nisiowajua kabla ya kumwamini baba yangu.

"Andika," nilimwambia. "Andika 'wote wawili'."