Mpimaji wa Musonoi aliyemwaga mfuko chini

Saa moja asubuhi, jua la Musonoi limeshaanza kuchoma, na Wivine Mwamba anamwaga mfuko wa mawe juu ya turubai. Anayachanganya kwa koleo, anachota viganja vitano kutoka pande mbalimbali, anatwanga. Kisha anaelekeza mashine ndogo ya kupimia kobalti kwenye kila unga, akisoma jibu kwa sauti.

Ngoyi, kiongozi wa kikundi kilichochimba mawe hayo, amechuchumaa karibu. Haulizi wastani. Anauliza écart, yaani namba hizo zimeachana kiasi gani.

Wivine anaingiza namba kwenye kompyuta yake kuukuu, anateremka kisanduku kimoja, anachapa ECARTYPE. Jibu linatokea: 0,14. Ngoyi anasimama na kukung'uta suruali, ameridhika.

Mwaka jana Ngoyi huyu huyu alitaka mama huyu afukuzwe kazi.

Wivine, mwenye miaka 36, anapima mawe kwenye depo, ghala la ushirika wa wachimbaji wadogo. Analipwa dola 170 kwa mwezi, na watoto wake watatu wanasoma kwa hizo hizo. Masika ya mwaka huo vikundi vilianza kunung'unika: mfuko mmoja, asubuhi unasoma asilimia sita, jioni mbili. Mashine inadanganya, walisema, na anayeishika pia. Kamati ilimpa wiki moja ajieleze au aondoke.

Ndipo akakumbuka somo la kozi ya ofisi aliyosoma Manika, somo ambalo enzi hizo aliliona la kupotezea muda. Ni kanuni ya kompyuta inayoonyesha namba zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake. Jibu likiwa dogo, namba zinakubaliana. Likiwa kubwa, kila moja inasema lake.

Alipima unga mmoja mara kumi. Écart ikawa 0,06, kwa hiyo mashine haikuwa na kosa. Kisha akaomba mfuko wa Ngoyi, akaokota mawe matano: 6,8, 1,9, 5,2, 2,1, 4,0. Wastani 4. Écart 2,08.

Tatizo lilikuwa ndani ya mfuko, na hapo aibu ikamshika, maana sababu aliijua fika. Wachimbaji wa ghala lile walikuwa wakipamba mfuko ili bei ipande: mawe meusi mazito mdomoni, yaliyo hafifu chini. Mwenzake aliyepima asubuhi aliokota ya juu. Wivine, aliyepima jioni na kujiona mjanja, alikuwa akizamisha mkono hadi chini kabisa. Kila upande ulimtega mwenzake, na wote wakalaumu mashine isiyo na mdomo wa kujitetea.

Siku ya kamati alisimama mbele ya wanaume wapata arobaini.

"Batata, mashini haina makosa," aliwaambia, akiwaita baba kwa heshima. "Munapambaka mufuko kule juu, na mi nilikuwa nabeba majiwe ya chini. Shi bote tulikuwa tunadanganyana."

Wengine walianza kuguna. Wivine hakungoja, aliumwaga mfuko ule ule wa Ngoyi chini, akauchanganya, akapima: 3,9, 4,1, 4,0, 4,2, 3,8. Wastani ulibaki 4, lakini écart ilishuka hadi 0,16. Ngoyi alidai kuchota mwenyewe. Alichota, na namba hazikubadilika sana. Akakiri kwamba amekuwa akipamba mifuko tangu aanze kuchimba.

Tangu siku hiyo hakuna mfuko unaopimwa bila kumwagwa, na écart huandikwa ubaoni ili kila mtu aione. Ikizidi 0,3, mawe yanachanganywa upya. Mgongo unamuuma Wivine, lakini anasema afadhali mgongo kuliko kuitwa mwizi.

Sasa ushirika mmoja wa Tenke unamtaka, kwa mshahara mkubwa zaidi. Ameomba aende mwezi mmoja tu, afundishe wapimaji watatu, kisha arudi kufungua darasa dogo Manika.

"Nataka kila depo ikuwe na mutu mwenye kujua hii hesabu," anasema. "Hapo mutu hatafukuzwa tena juu ya bure."

Kuhusu safari hiyo, Ngoyi ana sharti lake, na ameshalipeleka kwa kamati.

"Bamubebe mwezi moja, kisha bamurudishe," anasema. "Mbele mi njo nilisema bamufukuze. Leo sitaki mutu ingine apime mufuko yangu."