Mafuta ya Ng'ombe Kwenye Breki ya Baba

Sisi tuliokulia Kalenga miaka ile ya sabini tulijifunza ufundi kwa kukosa. Ukikosa kamba unachuna gome la mti, ukikosa gundi unatafuta utomvu, na gari la kuchezea unalichonga mwenyewe kwa mianzi, magurudumu na yote. Watoto wa leo chaja ikikatika wanaikodolea macho kama wako msibani. Sisi tulifungua kila kitu. Mimi nilifungua hata vitu vizima, kisha nikakosa usingizi nikijiuliza kama nimevirudisha sawasawa.

Baba alikuwa bwana shamba, na serikali ilimpa pikipiki. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, breki ya nyuma ilianza kushika yenyewe. Ukiachia pedeli tairi bado zito, na baba akirudi safari ngoma ya breki inachoma mkono kama pasi ya mkaa. Kitabu cha pikipiki ile nilikuwa nimekisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa. Nikaomba niitengeneze mimi.

"Fungua, mama," baba alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Ila kila kitu ukumbuke kilikotoka."

Jumamosi nikavipanga vipande juu ya ungo, kimoja baada ya kingine kama vilivyotoka. Mama akapita, akasimama. "Na mchele tupepetee wapi, kwenye tairi?"

Ugonjwa niliuona. Kile chuma kidogo kinachogeuka ndani na kuvisukuma viatu vya breki kilikuwa na kutu, kikienda hakirudi. Nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Kitabu kilisema kipakwe grisi kidogo, na grisi madukani ilikuwa imeadimika. Nikachukua mafuta ya ng'ombe, ambayo kwa baridi yetu ya mwezi wa sita huwa magumu kama mshumaa, nikapaka. Na kwa kuwa sijawahi kuridhika na kidogo, nikaongeza. Nikalisukuma tairi, likazunguka mara kumi na mbili bila kukwama. Nilihesabu.

Jumatatu asubuhi baba aliondoka kwenda kwa wakulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, akipitia kwanza ofisini mjini. Mama akabandika sufuria, akatia donge la mafuta yale yale akaange mboga. Likakaa kidogo, likalegea, likawa maji.

Nilibaki nimeshika mwiko. Kwenda Ruaha Mbuyuni ni kuteremka Kitonga, kona baada ya kona, breki zikipata moto njia nzima. Mafuta yangu yangeyeyuka, yangechuruzika kwenye viatu vya breki, na baba angekanyaga pedeli isiyoshika kitu.

Naungama: sikusema mara moja. Nilisimama pale mpaka mboga ikaiva, nikitafuta namna ambayo ningekuwa sijakosea. Niliogopa baba asije akafa. Niliogopa pia, naona aibu kuandika, kwamba sitapewa tena spana. Mpaka leo sijui ni woga upi ulionifungua mdomo.

Mama hakunigombeza. Alifunga kitenge, akanishika mkono, tukadandia lori la mahindi. Njia nzima alisema neno moja tu: "Utamwambia mwenyewe."

Tulimkuta kwenye ua wa ofisi, kofia kichwani, injini inaunguruma, wenzake wawili wakipiga naye soga.

"Fundi wako huyo kaja," mmoja akasema. "Mpe soda yake."

Nikasema yote mbele yao, nikitazama vidole vyangu. Kisha yule mwingine akasema, "Bwana, hii ipeleke gereji. Mtoto alikuwa anakuzika huyu."

Baba alizima injini. Akamwomba dereva wa ofisi grisi, akanikabidhi spana.

"Fungua."

"Baba, naogopa."

"Namtaka huyo huyo anayeogopa. Fungua."

Ndani, mafuta yalikuwa yameshaanza kulainika kwa safari ile fupi, yamebakiza upana wa kidole kufika kwenye kiatu cha breki. Nikayafuta kwa petroli, nikapaka grisi kiasi cha punje ya harage, nikafunga. Baba hakukagua. Alipiga kiki, akatuaga, akashika njia ya Kitonga. Mimi na mama tulirudi nyumbani, na sikula chochote mpaka niliposikia pikipiki ikiingia uani, siku ya pili yake.

Siku hizi taa nyekundu ikiwaka garini, wanangu wanapiga simu, fundi anakuja, wao wanaendelea kuchezea simu zao. Mikono yao haina kosa lolote, wala hofu. Wananicheka ninavyozunguka kugusa kila gurudumu kabla hawajasafiri, nami nawacheka wasivyojua hata spana inashikwaje. Lakini kuna jambo moja nawaonea huruma. Hakuna aliyewahi kuwakabidhi maisha yake mara ya pili, asubuhi ile ile.