Njia ya Kuteremka Sekenke

Harufu ya masizi na udongo mkavu wa nyumba yetu ya tembe iliyobomolewa haijawahi kunitoka puani. Ndiyo tuliyoondoka nayo Sekenke, karibu na mashimo ya zamani ya dhahabu, mwaka ule tulipoamriwa kuhamia kijiji kipya cha ujamaa huko bondeni. Wazee na wagonjwa waliahidiwa lori. Tulilingoja siku mbili, halikuja. Lisilo budi hutendwa: baba akambeba mama yake mgongoni kwa kanga, mama akajitwisha mtama na sufuria, nami, binti wa miaka tisa, nikakabidhiwa kibuyu cha maji ya bibi.

Njia ile ya miguu ilijipinda mlimani kati ya miiba na mawe yaliyochoma nyayo. Jua lilikuwa kali, upepo umekufa. Nilibaki nyuma kidogo nikanywa funda moja, kisha jingine, nikijiambia kwamba yatabaki. Tulipofika katikati ya mteremko, bibi aliomba kutuliwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Vumilia, mama," baba alimwambia. "Kijiji ni hapo chini tu."

"Kwenu ni hapo, mwanangu. Kwangu ni mbali."

Baba akanigeukia. "Lete maji."

Nilisimama na kibuyu kitupu. Bibi alinitazama, akaelewa.

"Nimeyamaliza mimi kule juu, mlipokuwa mnapumzika," alisema. "Msimsumbue mtoto."

Alifariki kabla hatujafika bondeni, kichwa kimelala begani kwa baba. Tulimzika kando ya njia, kwa jembe tulilokuwa tumelibeba kwa ajili ya shamba jipya. Baba aliniona nikilia akadhani ni uchungu tu wa msiba. Akanishika mkono, na huruma yake ikaniumiza kuliko fimbo. Aliishi hadi uzee wake, akafa, sikumwambia.

Sitasema kijiji kile hakikutufaa. Nilipata shule pale, nikawa mwalimu, na wanangu hawajui kiu. Leo mabasi hupanda mlima ule kwa lami, abiria wakisinzia. Mwaka jana nilishuka njiani, nikaacha barabara nikaitafuta ile njia yetu. Imemezwa na vichaka. Kaburi tulilifunika kwa mawe, na mlima wote ule ni mawe. Nilizunguka mpaka miguu ikachoka, kisha nikaomba msamaha pale pale niliposimama, bila kujua kama bibi yuko karibu.