Shule Isiyohesabu Meno

Habari za msiba zina tabia mbaya ya kumkuta mtu katikati ya upuuzi. Hii ilinikuta sokoni, nikigombana na muuza sombe aliyetaka kuniuzia majani ya muhogo ya juzi kana kwamba yamechumwa leo. Jirani akanigusa bega, akaniambia Mama Mapasa amefariki huko Alunguli alikohamia kwa binti zake, na kwamba amekwenda kwa utulivu kabisa, usingizini, baada ya kumkaripia daktari jioni yake. Sombe ile niliinunua hivyo hivyo bila neno, hata muuzaji mwenyewe akashtuka, maana wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi sinunui kitu bila neno. Nililia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaanza kucheka, na mume wangu, maskini, akaniletea maji ya kunywa na kuniambia nikae chini.

Mapasa ni mapacha, na kwetu mwanamke akizaa mapacha jina lake la zamani linakwisha siku ileile. Marehemu alikuwa mtu wa Kasai, mke wa dereva wa treni, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyeniita Yaya, yaani dada mkubwa, katika kambi ya reli ya Kindu, enzi za Zaire, wakati mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi za reli na kila mtu aliitwa citoyen, yaani raia, hata mlevi wa stesheni. Kwa watu wake, mapacha si watoto wa mchezo. Unachompa mmoja umpe na mwenzake, kitu kilekile, siku ileile, la sivyo aliyenyimwa hukasirika, na pacha akikasirika hurudi alikotoka. Mama Mapasa alikuwa amekwisha kuzika mtoto mmoja kabla ya hawa, kwa hiyo jambo hilo hakulifanyia mzaha hata kidogo. Ukimletea mmoja ndizi, ulete mbili. Mmoja akivunja sahani, walichapwa wote wawili, na yule asiye na kosa aliambiwa yake ni ya akiba. Walikuwa wasichana, wamefanana kama mbegu mbili za boga moja, na mimi hapa nitawaita Wa Kwanza na Wa Pili, kwa namna walivyofuatana kuja duniani.

Mwaka ambao wasichana hao walifikia umri wa kuanza shule, ndipo mjini kwetu ikafunguliwa shule ya msingi iliyojiita ya kimataifa. Jamani, ilitutia wazimu. Mkurugenzi wake alikuwa amewahi kuishi Bujumbura, alizungumza Kifaransa cha puani, na abacost yake, ile suti isiyo na tai ya enzi zile, ilipigwa pasi hadi ukaogopa kumsogelea usije ukajikata. Ofisini mwake zilining'inia saa nne ukutani, kila moja na jina la mji chini yake: Paris, Brussels, New York na Kindu. Tatu za kwanza zilitembea vizuri sana, na wala hakuna aliyeweza kuzibishia. Ile ya Kindu tu ndiyo iliyokuwa imekufa. Sisi wazazi tulisimama mbele ya ukuta ule midomo wazi, na Mkurugenzi akatuambia kwamba katika shule yake mtoto si kichwa kimoja katika kundi, bali kila mtoto anajulikana kama mboni ya jicho. Tuliandikisha watoto wetu palepale. Hakuna aliyeuliza mwalimu ni nani, wala choo kiko wapi.

Mama Mapasa alipofika na binti zake wawili wameshikana mikono, akaambiwa imebaki nafasi moja tu. Madawati yaliletwa kutoka nje, na dawati la mwisho lilikuwa na upande mmoja mtupu, basi. Akaomba wakae watatu, akaambiwa hayo ni mambo ya shule za kawaida. Kupeleka mmoja huku na mwingine kule hakuweza, maana vitu viwili tofauti kwa mapacha ni sawa na kumnyima mmoja. Kuwarudisha wote nyumbani hakutaka, kwa sababu yeye mwenyewe alitolewa shuleni akiwa mdogo ili kaka yake asome, na uchungu huo haukumtoka hadi anaingia kaburini. Alikaa kizingitini kwangu jioni ile, akichambua maharage bila kuyatazama, halafu akaniambia mila yao inadai kitu kilekile, siku ileile. Haikusema saa ileile. Nikamwambia, wewe mwanamke, una wazimu. Akasema ndiyo, lakini kiti ni kimoja.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliandikisha mtoto mmoja, akashona sare mbili. Wa Kwanza, kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, alitangulia darasani: alisimama kwenye bendera, akaimba na kukichezea Chama, kilichokuwa kimoja tu nchini, nyimbo za asubuhi kama watoto wote wa Zaire, akasoma hesabu hadi kengele ya mapumziko. Nyuma ya uzio wa shule palikuwa na shamba la muhogo. Wa Kwanza aliingia humo kana kwamba amebanwa na haja, na Wa Pili akatoka upande wa pili akiwa anafuta mdomo, akaenda kuketi katika kiti ambacho bado kilikuwa na joto la dada yake, akasoma Kifaransa hadi mwisho. Kambi nzima ilijua. Muuza karanga wa getini alijua, mlinzi wa shule alijua na alikuwa akiwakoholea mtu akikaribia. Shule peke yake ndiyo haikujua.

Ninyi mtasema haiwezekani, mwalimu ana macho. Ngojeni. Katikati ya mwaka Wa Kwanza aling'oka meno mawili ya mbele, yale ya juu. Ikawa asubuhi mtoto ana pengo la kupitisha kidole, na baada ya mapumziko ana meno yote, meupe, yamejipanga. Siku nenda, siku rudi. Mwalimu wa darasa, kijana mtanashati aliyependa sana ramani, hakuona kitu. Alichoona ni kwamba mwanafunzi wake, akiulizwa baada ya mapumziko jambo la hesabu alilolijibu vizuri asubuhi, hutoa macho tu. Akampa mama yake ushauri wa kitaalamu, kwa maandishi, kwamba mtoto ana akili nyingi lakini husahau akishakula, basi apunguziwe chakula cha saa nne. Mama Mapasa aliniletea karatasi ile nimsomee. Tulicheka mpaka tukashikiliana. Kisha akanyamaza, na nilimwona akijifuta machoni, na hicho hakikuwa tena kicheko.

Nimefikiri sana juu ya ukimya ule. Mwanzoni alikuwa anajificha kwa hofu, kila siku akitetemeka kwamba leo watagundua, watafukuza wote wawili. Lakini miezi ilivyokwenda, hofu yake iligeuka kuwa kitu kingine, akawa anangoja kukamatwa, naye hakamatwi. Sisi wengine tulikuwa bado tunajisifia shule ile kwenye kila harusi na kila matanga. Mimi mwenyewe mwanangu alikuwa humo, na nilimsikiliza akitaja miji mikuu ya Ulaya huku hajui mto unaopita mbele ya mji wetu unaelekea wapi, nikavimba kichwa. Tulikuwa watu tuliobadilishiwa majina ya miji, majina ya mitaa, hata majina yetu wenyewe, kwa hiyo neno moja zuri juu ya mlango lilitutosha, na tulipolisoma hatukuingia ndani kutazama. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee, na saa nne zile zilitembezwa mji mzima.

Ikafika siku ya kutangaza matokeo. Kwetu siku hiyo ni sherehe: wazazi wote wanakaa kwenye viti vya kuazima, na watoto wanaitwa mmoja mmoja kuanzia wa juu kabisa. Komiseri wa Zone, mkuu wetu wa serikali, alialikwa na akaja, mtu mnene mpole mwenye leso ya kujifutia jasho. Mkurugenzi akatangaza kwamba aliyeshika nafasi ya kwanza katika darasa la kwanza ni binti wa citoyen dereva wa treni. Si ajabu, kila nusu ya mtoto yule ilifika darasani ikiwa imepumzika. Kwa kuwa mapumziko yalikuwa yamekwisha kupita, aliyekuwa amekaa na wenzake alikuwa Wa Pili. Akapanda jukwaani, akapewa zawadi yake, mkoba wa ngozi wa shule, na watu wakapiga vigelegele.

Mama Mapasa angeweza kupiga vigelegele pia, akaondoka na mkoba wake, na siri ikabaki shambani kwenye muhogo. Nilikuwa nimeketi karibu naye, nikaona vidole vyake vikihesabu. Mkoba mmoja, mapacha wawili. Akainuka, akamtoa Wa Kwanza nyuma ya uzio, akamsukuma jukwaani kando ya dada yake, akasimama chini kusubiri mkoba wa pili.

Mkurugenzi akatabasamu, akamweleza Komiseri kwamba bila shaka huyu ni ndugu amekuja kumpongeza mwenzake. Komiseri akafuta jasho, akauliza basi mwanafunzi ni yupi. Mkurugenzi hakujua. Komiseri, ambaye sasa alikuwa ameanza kufurahia, akaamuru wote wawili waimbe wimbo wa asubuhi wa Chama. Wa Kwanza akauimba wote, kwa kiuno na mikono. Wa Pili akawa anafungua na kufumba mdomo kama samaki. Mkurugenzi akashusha pumzi, akamnyooshea Wa Kwanza kidole: ni huyu. Komiseri akaelekeza kitambaa cha maandishi ya Kifaransa kilichotundikwa juu ya jukwaa, akasema kisomwe. Wa Kwanza akakitazama kama mbuzi anayetazama treni. Wa Pili akakisoma mpaka mwisho, bila kukwama. Mwalimu wa darasa naye akanyoosha kidole, kwa Wa Pili: hapana, ni huyu. Wakabaki hivyo, kila mmoja na kidole chake na mtoto wake. Watu walicheka hadi kuanguka kwenye viti vya kuazima, na nadhani viwili havikurudi vizima kwa wenyewe.

Mkurugenzi akawaka kwa hasira, akasema huu ni udanganyifu, na kwamba watoto wote wawili wanafukuzwa. Hapo ndipo Mama Mapasa aliposema, si kwa sauti kubwa, lakini kicheko chote kilikatika.

“Wote wawili njo wanafunzi yenu. Huyu njo wa asubui, huyu njo wa nyuma ya rekreasyo. Citoyen Directeur, ulituambia hapa kila mutoto anajulikana. Mutoto yangu aling'oka meno. Asubui meno hakuna, saa tano meno iko. Mwaka muzima nilingojea muniite, muniulize: mama, hii mutoto iko namna gani? Hakuna mutu aliniita.”

Komiseri akasema hakuna wa kufukuzwa hapa, na kwamba Serikali inataka kuona mkoba wa pili. Mkoba wa pili haukuwapo. Wakatoa mpira, Mama Mapasa akakataa, maana mpira si mkoba. Basi mkoba ukarudishwa, na Mkurugenzi akaagizwa alete vitu viwili vinavyolingana. Alizunguka ofisini mwake mpaka tukachoka, kisha akatoka akiwa amekumbatia saa ya Paris na saa ya Brussels. Mama Mapasa akazichunguza, akaona zinaonyesha saa ileile, akakubali.

Nilizikuta juzi kwenye matanga, zimetundikwa sebuleni Alunguli, zote mbili zimesimama, na mishale iko mahali pamoja. Wa Pili akanieleza kwamba miaka mingi iliyopita ya Brussels ilikufa yenyewe, na mama yao akaizima ya Paris siku ileile, isije ikamwonea mwenzake. Wa Kwanza siku hizi ni mhasibu, na wakati wa maombi nilimwona akihesabu viti vya wageni kwa midomo. Wa Pili ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Kila mmoja bado ana nusu yake.

Pale pale matangani mama mmoja kijana, aliyejua kwamba naandika magazetini, akanivuta kando kuniuliza ni shule gani ya kimataifa amchagulie mwanawe, akanionyesha picha kwenye simu: vioo, nyasi za kijani, watoto wenye tai. Nikamwambia hizo ni saa za ukutani. Apeleke mtoto anapotaka, kisha wiki chache baadaye aende akamuulize mwalimu jambo dogo ambalo halimo katika mtaala: mwanangu ana pengo upande gani? Mwalimu akitazama ramani, amtoe mtoto huko.

Nayasema haya kwa sababu ya mwaka uliofuata sherehe ile ya matokeo. Mama Mapasa aliwahamisha binti zake shule ya kawaida kando ya reli, ile ya darasa lililojaa hadi dirishani, na akakuta, kama bahati inavyopenda kututania, nafasi imebaki moja. Akarudia mchezo wake. Sijui kama alitaka kuwaficha au kuwapima. Baada ya mapumziko Wa Pili akaingia, akaketi. Mwalimu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliinua macho akamkaribisha, akamuuliza yule wa asubuhi ameachwa wapi, aitwe, watasogeana. Mama Mapasa alikuja mbio mpaka ukutani kwangu, kitambaa kimemvuka kichwani, analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nikadhani kuna maafa.

“Yaya,” akaniambia, “wametukamata. Siku ya kwanza tu, wametukamata.”