Mama Aliyekataa Kunywa Maji

Wakati wa uasi, baada ya mume wangu kuchukuliwa na waasi, nilikuwa nalala tu ndani. Chakula kilikuwa kichungu, moyo ulienda mbio hata nikikaa. Hapa Butembo kila mutu alimuangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Hata mimi.

Ndipo akafika mama mmoja Muislamu, amekimbia kutoka Beni baada ya lori ya mume wake kunyang'anywa. Alikaa karibu na chemchemi yetu. Kila asubuhi alishuka na jembe, akatoa matope, akachimba mufereji mbuzi wasichafue maji. Hakuna mutu aliyemutuma. Tulijiuliza: nani anafanya kazi ya bure wakati kama huu? Wengine walisema anaweka karuho, ile sumu batu wanaweka kwa siri mu kinywaji.

Nilishuka kumuchunguza, nasema kweli. Nilibeba jembe nisionekane kama mupelelezi.

"Dada, hii kazi inakuletea nini?"

"Nikibaki mu nyumba nawaza lori. Hapa nawaza matope. Shika huko, vuta."

Nikavuta. Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Usingizi ukaja, njaa ikarudi. Hiyo nayo ilinitia shaka: pengine ameniwekea dawa? Batoto wa bondeni nao wakaacha kuhara. Lazima niseme pia kwamba mvua ilikuwa imekatika. Sijui ni nini kiliwaponya, mimi nilisoma kidogo tu.

Kisha mutoto wa jirani yangu akaanza kutapika. Jirani akaita batu wote kwenye chemchemi. Kwetu, mwenye kugawa kinywaji anaonja wa kwanza, wote wakiona kwamba hakina sumu. Akajaza kikombe, akamunyooshea yule mama.

"Onja, mama!"

"Leo hapana. Niko mu mwezi wa kufunga. Jua likizama nitakunywa, hata ndoo nzima."

"Jua likizama askari hapana acha mutu atembee, unajua! Na siye tunafungaka mu Kwaresima, lakini maji tunakunywa. Ni kufunga gani hiyo ya kukataa maji?"

"Ni ya kwetu."

"Basi rudi kwenu Beni!"

Wakacheka vibaya. Mumoja alishaokota jiwe. Njia ya Beni siku zile ilikuwa ya vita, na mama yule alikuwa peke yake. Mimi mwenyewe niliona kama anadanganya, sikuwa nimesikia kufunga kwa namna hiyo. Lakini asubuhi zote nilikuwa kando yake nikiangalia mikono yake, maana ndicho kilichonileta, na sikuona akitupa kitu majini. Nikasema hivyo tu. Nikapokea kikombe, nikakunywa chote.

"Haya," jirani akasema. "Tutaona kama utaamuka."

Asubuhi walikuja kunisalimia mapema, hata wale wasionisalimiaga.

"Uliamuka, dada?"

"Niliamuka."

"Tumbo je?"

"Liko na njaa."

Waliondoka kama batu waliokosa kitu. Maneno ya kumufukuza yakaisha. Mutoto wa jirani alipona, pengine angepona tu.

Niliposhuka chemchemini nilimukuta jirani mwenyewe, jembe mukononi, anatoa matope upande mumoja, yule mama upande wa pili. Kando ya jirani, kwenye nyasi, kulikuwa na chupa ya maji yake ya kunywa, aliyoyachota mutoni, ng'ambo ya kilima.