Niliwapaka makarani wote wino wa kura siku tatu kabla ya uchaguzi (Kitengela, 2002)

Wakuu, supa wote (ndiyo salamu ya huku kwa Wamaasai).

Haya nayatoa kwa daftari langu la 2002, niliandika na penseli. Ni ya kweli. Mahali sikumbuki nitasema sikumbuki, na mahali nilikosea nitasema ni mimi. Hizo za pili ni nyingi.

Mimi ni Mkamba, nilihamia Kitengela kuuza misumari na mabati kwa duka la hardware. Shule niliachia Form Two. Kazi ya karani wa uchaguzi ilitaka Form Four, nikaandika barua nikisema wazi mimi ni Form Two. Wakanichukua. Mpaka leo sijui kama hiyo barua ilisomwa.

Training ilikuwa Kajiado, kwa hall ya kanisa. Tulikuwa makarani ishirini na wawili. Mwalimu wetu, Bwana Lemayian, alikuwa mwalimu mstaafu wa primary, mtu wa filimbi. Ukisinzia anapuliza.

Siku ya pili tukafanya uchaguzi wa mazoezi. Wagombea walikuwa wawili, Mbuzi na Kuku.

Sasa, hall ilikuwa imejaa Wamaasai, na wazee wao hawakuwa watu wa kula kuku. Jamaa wa kando yangu akasema, "Hata kwa mchezo, mimi sipigii ndege kura."

Mbuzi akapata ishirini na moja. Kuku moja.

Bwana Lemayian akauliza, "Nani amepigia Kuku?"

Nikainua mkono.

Filimbi. "Wewe umeanguka. Kura ni siri. Hata mama watoto akikuuliza, unanyamaza."

(Ukweli ni kwamba mimi napenda mbuzi. Nilionea Kuku huruma, hakuwa na mtu.)

Halafu ikafika mambo ya wino. Kwa wale vijana humu: ukipiga kura, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kinachovywa kwa wino ambao hautoki, ndio usirudi mara ya pili. Karani wa wino anaangalia vidole vya wanaoingia. Kikiwa na alama, hupigi.

Mezani kulikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa ya maji ya rangi, ya mazoezi. Ile ingine wino wenyewe, ya kuonyeshwa tu. Mimi ndiye nilipewa kazi ya wino. Na mwalimu alikuwa amesema asubuhi, "Fanyeni kila kitu kama siku yenyewe." Nikafikiria, na hii akili yangu ya Form Two, kwamba maji ya rangi si siku yenyewe.

Nikafungua ile ingine.

Nilichovya watu ishirini na mmoja. Nikajichovya. Bwana Lemayian akaja wa mwisho kuonyesha mfano mzuri, akaingiza kidole mpaka kiungo cha pili.

Aligundua akienda kunawa mikono ale.

Tulijaribu sabuni, limau, petroli na majivu. Mmoja alijaribu mate na maombi. Wapi. Mwalimu hata filimbi hakupuliza. Akasema, "Mutiso, umepigisha hall nzima kura bila karatasi."

Hiyo siku sikula. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na ndio mara ya kwanza niko na kadi ya kura. Mwaka wa tisini na saba nilichelewa kujiandikisha. Hii kura nilikuwa nimeipangia kama harusi, hata shati lilikuwa limepigwa pasi wiki nzima mapema.

Siku ikafika. Kituo changu kilikuwa shule ya msingi, ukitoka Kitengela ukielekea Isinya. Msimamizi alikuwa Madam Nashipae, mwalimu wa darasa la nane, mtu harudii swali. Nilimwambia kila kitu kabla hata sijaweka begi chini. Akasema, "Nitawaeleza maajenti wa wagombea mimi mwenyewe. Wewe weka mkono kwa mfuko mpaka nikuambie."

Nikaweka. Lakini sheria pia inasema chupa ya wino ionyeshwe maajenti ikiwa bado imefungwa, na chupa nayo inataka mikono miwili.

Ajenti mmoja aliitwa Kasaine, dalali wa ng'ombe soko la Bissil. Macho yake hayaangalii chupa, yanaangalia kidole.

"Ngoja kwanza. Huyu amepiga kura wapi, na mlango haujafunguliwa?"

Tukaambiwa makarani wote watatu tuonyeshe mikono. Vidole vitatu vyeusi. Kasaine na ajenti wa upande ule mwingine walikuwa hawajasalimiana miezi mingi. Siku hiyo walishikana mikono.

Madam akasema, "Kasaine, sanduku umeliangalia mwenyewe, ni tupu. Karatasi bado zimefungwa. Wangepiga na nini, na majani?"

Haikusaidia. Maajenti wakasema kituo hakifunguliwi. Nje foleni inazunguka choo, na kuna mzee anaita kwa dirisha, "Nyinyi, ng'ombe zangu zitanyweshwa na nani?"

Ikabidi nikiri mbele ya wote. Nikaeleza hall, chupa mbili na limau.

"Hapana," Kasaine akasema. "Hakuna mtu mjinga hivyo."

Madam akanionyesha na kalamu. "Ni huyu."

Kasaine akanishika kidole vile wanashika sikio la ng'ombe sokoni. Akakwaruza, akanusa, akapeleka kwa mwanga. Kumbe kule Bissil kuna watu hupaka ng'ombe wa wizi alama mpya, na yeye anajua kuzitofautisha.

"Alama ya leo inanuka, na inashika mkono. Hii imekauka, ngozi imeanza kubambuka. Ni ya siku tatu." Akaniachilia. "Huyu ni safi. Ni akili tu."

Wakakubaliana makarani tutapiga, na tutachovya kidole kidogo cha mkono wa kulia. Madam akaandika, maajenti wakaweka sahihi. Tulifungua tukiwa tumechelewa nusu saa. Hiyo nusu saa ni yangu.

Wakuu, ningetamani uzi uishie hapo.

Saa nne hivi akaja Kioko, fundi wa kuchonga mawe, Mkamba mwenzangu. Kidole kidogo cha kushoto, kucha nyeusi. Nikamwambia arudi nyumbani.

"Ndugu yangu, ni nyundo."

"Sheria ni sheria."

Akaangalia kidole changu. "Na wewe uligongwa na nyundo gani?"

Akaenda. Training ilisema ukiwa na shaka usiamue peke yako, ita msimamizi. Sikuita. Niliona nimemsumbua Madam vya kutosha.

Saa nane Madam akaniambia niende nipige yangu. Nikamweleza juu ya Kioko.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umechoka na mimi."

Akachukua chupa. "Mtafute. Wino nitashika mimi."

Kasaine na yule ajenti mwingine wakasema siendi peke yangu, naweza kwenda kumwambia ampigie nani. Basi tukaenda watatu kwa miguu, tukiuliza plot kwa plot. Tulimpata ikikaribia saa kumi na moja, amekaa na sahani ya muthokoi, yale mahindi yetu Wakamba ya kukoboa.

"Mlinikataa," akasema. "Nimeshapika."

Kasaine akamshika kidole, akanusa. "Hii ni damu. Ng'ombe akikukanyaga inakuwa hivi."

"Mimi si ng'ombe."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia, lakini amalize sahani. Tukasimama tukimtazama akila. Alikula polepole sana. Nafikiri ni makusudi, lakini kwa haki yake niseme chakula kilikuwa moto.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika chache. Kioko akapiga. Mimi nikapiga nyuma yake, wa mwisho kabisa. Nikachovya kidole cha kulia, nikaona sasa deni la dhamiri limeisha.

Kila mtu alipewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na wakati wa kuhesabu moja ya diwani ilitoka bila alama yoyote. Nyeupe. Lakini ilikuwa imekunjwa vizuri sana, kwanza kwa urefu halafu katikati, vile Bwana Lemayian alitufundisha. Madam akaiweka kando na zilizoharibika.

Nataka kusema ilikuwa ya Kioko, kwa sababu alikuwa na hasira. Lakini sina ushahidi, na hayuko hapa ajitetee. Wakuu, mimi nakumbuka kukunja. Nakumbuka kutoka pale na heshima, shati imenyooka. Kuweka alama kwa hiyo ya diwani, nimejaribu miaka yote hii, sikumbuki.

Nilichojifunza ni hiki. Watu hufikiria kura huharibiwa na wajanja peke yao, lakini mtu wa nia nzuri akipewa chupa pia anatosha. Training isikizwe mpaka mwisho. Na karani ukiwa na shaka, ita msimamizi, hata kama umeshamsumbua tangu asubuhi.

Waliowahi kuwa makarani, andikeni yenu hapa chini tusaidiane. Na kama kuna mwenye anaona ningefutwa siku ile ya limau, aseme tu bila kuogopa. Hata mimi naona hivyo siku zingine.