Nauli ya Cherehani ya Mama Divine

Admin, nifichie jina, na namba yangu usimpe mtu hata akikuomba kwa machozi. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Haya ninayoyaandika hata mume wangu hayajui.

Naendesha kundi la mnada WhatsApp. Mtu ananitumia picha ya kitu anachouza, naweka kundini, watu wanapandishiana dau, wa juu anachukua. Wauzaji wangu wengi ni Warundi walioko kambi ya wakimbizi waliojiandikisha kurudi kwao. Hawatoki bila kibali, na kwenye msafara huwezi kubeba kila kitu, kwa hiyo vitu vyao vingi vinapitia kwangu. Mnunuzi ananitumia hela, namtumia muuzaji, nakata changu kidogo.

Kilichokuwa kinatugombanisha siku zote ni nauli ya mzigo. Muuzaji anasema alipe mnunuzi, mnunuzi anasema alipe muuzaji. Mwaka jana mtu wa Uvinza alishinda kitanda, nikakituma kwa makubaliano kwamba atalipia akienda kukichukua. Hakwenda. Kitanda kikarudi, na ofisi ya mabasi ikanidai mimi kwenda na kurudi. Nililia. Tangu hapo nikajiambia sitaumia tena peke yangu, nikaanza kutoza nauli pande zote mbili, huyu asijue kwamba yule naye amelipa.

Ndipo akaja Mama Divine. Ni mjane wa makamo, alikuwa akishonea watu nguo kambini kwa cherehani ya miguu. Mimi ni Muha, kwa hiyo yeye anaongea Kirundi, mimi namjibu Kiha, tunaelewana bila shida. Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu. Alipoituma cherehani kwangu kwa bodaboda, alinipigia akasema, "Hii imenisomeshea watoto. Nitafutie mtu wa kuishonea kweli, siyo wa kuiweka sebuleni."

Alishinda Zuhura, binti anayeanza ufundi kule Tabora. Akanitumia bei na nauli, vyote kwa pamoja. Siku hiyohiyo nikampigia Mama Divine.

"Mama, mnunuzi amekataa nauli. Anasema mwenye mali ndiye afikishe."

"Basi kata humohumo, mwana wanje. Zamu yangu ya kuondoka imekaribia."

Nikakata. Halafu nilipofika ofisi ya mabasi sikulipa hata nauli moja. Nikaandikisha kwamba mpokeaji atalipia. Nilishazoea, ndugu zangu, na tamaa ikizoea haijui kutosheka.

Zuhura alipokwenda kuchukua mzigo akaambiwa hapewi mpaka alipe. Akanipigia kwa hasira. "Dada, nauli si nilikutumia?"

Nikamjibu, "Nilimpa yule mama wa kambini alipie mwenyewe, kumbe kaila." Maneno yalitoka kirahisi mno, mpaka leo najishangaa.

Zuhura akalipa tena, kisha akaweka sauti kundini. "Jihadharini na hawa wakimbizi. Unamwonea mtu huruma, yeye anakuibia." Watu wakadakia. Mmoja akaandika ndiyo maana wanarudishwa kwao. Mwingine akasema hata jirani zake wa Rusimbi walishalizwa hivyo. Mimi ndiye mkuu wa kundi, ningeweza kufuta. Niliendelea kukaanga migebuka ya chakula cha mchana, simu inalia tu mezani.

Nilisahau kwamba Mama Divine naye yumo kundini, kwa simu ya binti yake. Alasiri akanipigia. Hakufoka.

"Mwana wanje, nimesikia yote. Huyo binti nimemkosea nini?"

Nikamwambia ni makosa ya ofisi ya mabasi, yatakwisha.

"Miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kuitwa mwizi," akasema. "Siwezi kuvuka mpaka na jina hilo. Nakutumia nauli yake sasa hivi. Mpe, na umwombe anisamehe."

Hela ikaingia. Nikamwambia, "Sawa, mama." Sikumpa Zuhura. Nilijisemea nitampa kesho, na hiyo kesho nikanunua sare za shule za wanangu. Siku tatu baadaye Mama Divine akaondoka na msafara, na namba yake haipatikani tena.

Tangu hapo sina raha. Kanisani wakifika kwenye sala ya toba natoka nje, najifanya nampeleka mtoto chooni. Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia, nikamtumia Zuhura nauli yake kupitia wakala, bila kujitaja. Nilidhani nitapumua. Jioni akaweka sauti nyingine kundini. "Jamani, yule mama Mrundi amenirudishia hela yangu. Mungu amemgusa. Nimemsamehe." Watu wakajaza amina.

Mume wangu alikuwa amekaa karibu, akasikia. Akaniambia, "Unaona, mke wangu? Uaminifu wako umemfundisha yule mama." Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jirani yake Mama Divine, ambaye bado yuko kambini, anasema mama amefika salama kwao Makamba, Burundi, na kuna watu wanaovuka wanaoweza kumpelekea ujumbe. Ananisubiri nimpe maneno. Nimeandika na kufuta sijui mara ngapi. Nikisema ukweli kundini, kazi imekufa, na kuna Warundi wengine ambao vitu vyao viko ndani kwangu sasa hivi, sijui watauzia wapi. Mume wangu naye sijui atanitazamaje. Nikinyamaza, mama wa watu atabaki kuwa mwizi aliyetubu kosa ambalo hakulifanya.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mkishamaliza, nishaurini. Nianze kwa nani: kwa mume wangu, kwa kundi, au kwa yule mama niliyemtoa nchini kwangu akiwa na jina la mwizi?